Dona, Sembe na Mkate wa Brauni: Nani Anatuchagulia?

Miezi michache iliyopita nilimsindikiza mama yangu mdogo kliniki ya kisukari. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama wa maneno machache, mwenye tabia ya kusoma kila karatasi anayopewa hadi mwisho. Muuguzi alimpa ushauri kwa upole, lakini kwa haraka, maana foleni ilikuwa imefika hadi uwanjani: "Mama, acha mkate mweupe, kula wa brauni. Acha sembe, kula dona. Tuonane baada ya miezi mitatu."

Tukiwa njiani kurudi tuliingia dukani. Mkate wa brauni ulikuwa ghali kuliko mweupe kwa karibu nusu ya bei. Mama mdogo akauchukua, akavaa miwani, akasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni. Kwanza uliandikwa unga wa ngano, kisha sukari, mafuta na hamira, halafu pumba za ngano, na mwisho rangi ya karameli. Kiasi cha pumba hakikutajwa. Akanigeukia: "Mwanangu, hii nyongeza ya bei ni ya afya au ni ya rangi?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale dukani. Kwa kuwa mimi ni mtu wa siasa ya jamii na si mtaalamu wa lishe, nilirudi nyumbani nikasoma yaliyoandikwa na wenye fani yao. Makala haya ni jibu langu kwake, na kwa wanafunzi wangu ambao kila mwaka huniuliza kwa nini mhadhiri wa siasa anapoteza muda na mambo ya jikoni. Nitaanza na sayansi, kwa sababu siasa isiyojua ukweli wa jambo ni kelele tu.

Punje ya ngano, kama ya mahindi, ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo likisagwa huitwa pumba. Humo mna nyuzinyuzi nyingi, madini kama chuma na zinki, na vitamini za kundi B. Ndani, pembeni, kuna kiini, yaani sehemu itakayochipua mbegu ikipandwa. Humo mna mafuta, vitamini E na protini. Sehemu ya tatu, iliyo kubwa kuliko zote, ni ghala la wanga la kuulisha mche mchanga. Unga mweupe unatokana karibu wote na ghala hilo. Katika ngano, kinu cha unga mweupe hubakiza takriban asilimia 70 hadi 75 ya punje. Sehemu inayoondolewa ndiyo yenye nyingi ya nyuzinyuzi na zaidi ya nusu ya vitamini B. Ndiyo maana gramu 100 za mkate wa ngano nzima huwa na gramu sita au saba za nyuzinyuzi, wakati mkate mweupe wa uzito huo huo una kama gramu mbili na nusu.

Kwamba hasara hii si ndogo, ulimwengu ulijifunza kutoka kwa kuku. Katika miaka ya 1890, katika kisiwa cha Java kilichokuwa koloni la Uholanzi, daktari Christiaan Eijkman aliona kuku wa maabara yake wakilegea miguu kama wagonjwa wa beriberi, ugonjwa uliokuwa ukiua askari na wafungwa. Kuku hao walikuwa wakilishwa wali mweupe uliokobolewa. Walipopewa mchele wenye ganda lake la ndani, walipona. Kutokana na uchunguzi wa namna hiyo yakazaliwa maarifa ya vitamini, na mwaka 1929 Eijkman akatunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Frederick Gowland Hopkins. Nikiona katika mitaa yetu tunavyokoboa mahindi, tukala wanga na pumba tukawapelekea kuku na nguruwe, huwa nafikiri kwamba mifugo yetu imekisoma kisa cha Java vizuri kuliko sisi.

Sehemu nyingine ya elimu hii ilitoka hapa hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi miaka mingi Kampala. Mwenzake, Hugh Trowell, alitibu watu Kenya na Uganda kwa miongo kadhaa. Wote wawili waliona kwamba maradhi fulani ya utumbo yaliyojaza wodi za Uingereza yalikuwa adimu miongoni mwa wanavijiji waliowatibu. Katika miaka ya 1970 wakatangaza duniani kwamba tofauti hiyo inatokana na nyuzinyuzi za chakula. Hoja yao ilikuwa na udhaifu, kwa sababu mwanavijiji wa Uganda na karani wa London walitofautiana kwa mambo mengi kupita chakula. Hata hivyo iliamsha utafiti wa miaka hamsini. Na tukumbuke kwamba watu wale hawakuwa wakila mkate wa aina yoyote. Walikuwa wakila matoke, viazi vitamu, ulezi, mahindi na maharage. Ulaya ilichukua funzo kutoka kwenye sahani zetu, ikalioka likawa mkate wa afya, na leo tunauziwa mkate huo kwa nyongeza ya bei.

Utafiti huo umefikia wapi? Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliofanywa kwa ombi la Shirika la Afya Duniani. Ulijumuisha tafiti 185 zilizofuatilia watu kwa miaka, na majaribio 58 ya kitabibu. Watu waliokula nyuzinyuzi nyingi, wakilinganishwa na waliokula chache, walikuwa na upungufu wa asilimia 15 hadi 30 wa vifo, kwa jumla na kwa maradhi ya moyo, na visa vya kisukari aina ya pili na saratani ya utumbo mpana vilikuwa vichache kwao. Nafaka nzima nayo ilionyesha mwelekeo huo huo. Mwaka 2023 Shirika hilo likashauri kila mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kwa hiyo muuguzi wa kliniki hakumdanganya mama mdogo. Kwa jumla, nafaka nzima ni bora kuliko nafaka iliyokobolewa.

Lakini neno "kwa jumla" lina mlango wa nyuma, na mtu mkweli hana budi kuufungua.

Kwanza, kuna suala la sukari katika damu, ambalo ndilo lililotupeleka kliniki. Katika majedwali ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2008, yanayopima kasi ambayo chakula hupandisha sukari kwa kipimo ambacho glukosi ni 100, mkate mweupe ulipata wastani wa 75. Mkate wa ngano nzima ulipata 74. Tofauti ni moja tu! Sababu ni kwamba ngano nzima ikisagwa laini kama poda, tumbo hupata wanga wake kwa urahisi karibu sawa na wa unga mweupe. Punje iliyobaki nzima au iliyovunjwa kwa ukubwa ndiyo inayochelewesha. Mgonjwa anayebadili rangi ya mkate akaendelea kula vipande vinne na chai ya sukari, amebadili mambo machache sana kwa asubuhi ile.

Pili, miili haifanani. Mwaka 2017 watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli waliwapa watu 20 mkate mweupe kwa juma moja na mkate wa nafaka nzima uliochachushwa kwa juma jingine. Kwa wastani hawakuona tofauti ya maana katika vipimo vyao. Walipomtazama mtu mmoja mmoja, wengine sukari yao ilipanda zaidi kwa mkate mweupe, na wengine kwa ule wa nafaka nzima. Ulikuwa utafiti mdogo wa muda mfupi, hauwezi kufuta matokeo ya miaka mingi. Unatosha tu kutupunguzia kiburi.

Tatu, pumba hutoa kwa mkono mmoja na kuzuia kwa mwingine. Asidi iitwayo fitiki, iliyomo kwenye ganda la nafaka, hushika madini ya chuma na zinki yasifyonzwe vizuri na mwili. Bibi zetu walikuwa na dawa yake bila kujua jina lake: kuloweka, kuotesha na kuchachusha. Togwa na uji uliochachushwa ni maarifa ya lishe, ingawa hatujayapa shahada.

Nne, mkate ni sehemu tu ya mlo. Baada ya Vita Kuu ya Pili, watafiti wa Uingereza Robert McCance na Elsie Widdowson waliwafuatilia watoto wenye utapiamlo katika vituo vya yatima nchini Ujerumani. Makundi yalipewa mikate ya aina mbalimbali, kuanzia wa ngano nzima hadi mweupe kabisa, kwa wingi waliotaka, pamoja na mboga. Watafiti walitarajia kuona tofauti. Watoto wote walinawiri, na walikua kwa kiwango kimoja. Funzo ninalolipata mimi ni kwamba mtoto anayeshiba na kupata mboga haangushwi na rangi ya mkate, na mtoto asiyepata mboga wala maharage haokolewi nayo.

Basi sayansi imesema hivi: nafaka nzima ni bora, kwa kiasi, ikiwa mambo mengine yako sawa. Kazi ya mtu wa siasa inaanzia hapo, kwa sababu katika nchi yetu mambo mengine hayako sawa.

Nilipomweleza mama mdogo habari za dona, alicheka. "Dona tulilishwa bwenini," alisema. "Nimesoma, nimefundisha, nimestaafu, sasa mnanirudisha bwenini?" Katika kicheko kile mna historia nzima. Kwetu, sembe nyeupe ni dalili kwamba mtu ametoka kwenye shida. Dona ni chakula cha shule, cha jela na cha kambi. Mgeni akija, hapikiwi dona. Kijana anayepeleka posa hakaribishwi kwa dona. Wataalamu wa lishe wanapotuambia tubadili mlo, husahau kwamba wanatuomba turudi chini ngazi ambayo wazazi wetu waliipanda kwa jasho.

Ngazi hiyo haikujengwa na Mungu. Katika karne ya kumi na tisa, vinu vya rola za chuma vilipoenea Ulaya na Marekani, unga mweupe uliokuwa wa matajiri ukawa rahisi. Ulipendwa na wafanyabiashara kwa sababu moja kubwa: kiini kikishaondolewa, mafuta yake hayapo ya kuchacha, na unga unaweza kusafiri mbali na kukaa ghalani miezi mingi. Unga wa nafaka nzima haungoji. Unataka usagwe karibu na mlaji na uliwe mapema. Weupe wa unga, kabla haujawa ladha yetu, ulikuwa faida ya msafirishaji.

Serikali nazo zilishika mwiko. Uingereza, mwaka 1942, ikiwa vitani na ikitafuta namna ya kuokoa nafasi katika meli zilizoleta ngano, iliamuru mkate wa taifa uokwe kwa unga uliobakiza asilimia 85 ya punje. Wananchi waliuita mkate wa kijivu, wakaulalamikia, wakaula hadi mwaka 1956. Kwetu serikali ilivuta upande wa pili. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, Shirika la Usagishaji la Taifa liliuza sembe iliyotiwa ruzuku, na ruzuku hiyo ikaondolewa mwaka 1984. Kwa miaka ile, fedha ya umma ilitumika kumfanya mkazi wa mjini aione sembe kuwa chakula cha kawaida na dona kuwa cha wasio na bahati. Zimbabwe ilipita njia ile ile. Ruzuku ya unga uliokobolewa ilipoondolewa mwaka 1993, wakazi wengi wa mijini waligeukia unga usiokobolewa kutoka mashine za mitaani, kwa sababu sasa bei ilisema kweli. Anayedai kwamba watu wetu "wanapenda tu" sembe ajiulize upendo huo uligharimiwa na nani.

Ngano ina historia nzito zaidi. Katika miaka ya 1970 na 1980, kwa msaada wa Kanada, makumi ya maelfu ya hekta katika tambarare za Hanang yaligeuzwa mashamba ya serikali ya ngano. Yalikuwa malisho ya Wabarabaig. Wafugaji walisukumwa pembeni ili mjini pawe na mkate, na kesi zao za ardhi zilifika mahakamani. Hata baada ya gharama hiyo, mpaka leo Tanzania huagiza nje sehemu kubwa ya ngano yake. Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, muuza chapati wa mtaani kwangu aliisikia mizinga ile kwenye bei ya unga. Na majirani zetu Wakenya walituonyesha mwaka 2024 uzito wa kipande cha mkate. Pendekezo la kutoza mkate kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasha hasira za vijana. Serikali iliondoa kipengele hicho katikati ya Juni, lakini hasira hazikuzimika, na kabla mwezi haujaisha muswada wote wa fedha ukawekwa kando.

Sasa nije kwenye jambo linaloniogopesha. Ni rahisi kwa mhadhiri kuandika "Watanzania, rudini kwenye dona" kisha akaenda kunywa chai. Lakini mahindi yasiyokaushwa vizuri huota kuvu, na kuvu hao hutengeneza sumu tunayoiita sumukuvu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikaua watu kwetu, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hii haiishi kwa kupika. Ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka, huleta saratani ya ini. Na hukaa zaidi kwenye ganda na kiini, yaani sehemu zile zile tunazosifu kwa vitamini. Kukoboa huondoa sehemu kubwa yake.

Maana yake ni nini? Kwamba kwa familia yenye mahindi yaliyonyeshewa shambani au kurundikwa yakiwa mabichi, sembe inaweza kuwa salama kuliko dona. Mama anayekoboa mahindi yake asidharauliwe kwamba hajui lishe. Huenda anajikinga kwa njia pekee aliyonayo. Tukimhubiria dona bila kumpa turubai la kuanikia, kipimo cha unyevu na ghala kavu, tunamhamisha kutoka hatari moja hadi nyingine na kujipongeza kwa kazi nzuri.

Kuna na mgongano mwingine. Kanuni za Tanzania za mwaka 2011 zinataka unga wa ngano na wa mahindi wa viwandani uongezwe virutubishi, yakiwemo madini ya chuma na zinki na vitamini ya foliki, ambayo huwakinga watoto wachanga na kasoro za uti wa mgongo. Kwa hiyo mkate mweupe wa kiwanda kinachofuata sheria unaweza kuwa na foliki nyingi kuliko dona ya mashine ya mtaani. Mashine hizo ndogo, zinazolisha sehemu kubwa ya nchi, nyingi hazina kifaa cha kuchanganyia virutubishi. Katika nchi ambayo utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, hili si jambo la kupuuza.

Nilizungumza haya darasani. Mwanafunzi mmoja, mwanaharakati hodari, alisimama akanipinga, na hoja yake nailinda hapa kwa sababu ni nzito. "Shikamoo Mwalimu. Kila mara maskini ndiye anayefundishwa kula. Mkoloni alimpimia posho, serikali ikampa unga wa manjano wa msaada, leo mnampa dona kwa jina la afya. Lini tajiri ataambiwa ale nini?" Darasa lilipiga makofi, na mimi nikakumbuka kwamba kwangu nyumbani, jioni ile, ilikuwa inasubiri sembe.

Ni kweli, na nakiri. Siungi mkono amri ya kulisha watu dona. Ninachopinga ni dhana kwamba sasa hivi tunachagua kwa uhuru. Mlaji asiyeelezwa mkate wake una nafaka nzima kiasi gani hajachagua. Mwanafunzi anayepewa dona ya mahindi yaliyotobolewa na fukusi, kisha akaambiwa ndiyo afya, hajachagua, na ana haki ya kuichukia dona maisha yake yote. Uhuru wa sahani unataka mambo ambayo mtu mmoja mmoja hawezi kujitengenezea. Nitataja manne, na nayaelekeza kwa ndugu zangu watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, kwa sababu kalamu wanayo wao.

La kwanza ni lebo. Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula, lilazimishe kila mkate na unga unaouzwa kama brauni au nafaka nzima uandike kwa Kiswahili, mbele na kwa herufi zinazosomeka, asilimia ya nafaka nzima iliyomo. Mkate uliopakwa karameli uitwe kwa jina lake. Hili halihitaji mkopo wa nje wala mshauri mwelekezi.

La pili ni majiko ya umma. Serikali ni mnunuzi mkubwa wa unga, kwa ajili ya shule, vyuo, magereza, majeshi na hospitali. Mkataba wa zabuni unaweza kudai mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, ambacho ndicho kiwango cha Afrika Mashariki, cheti cha kupimwa sumukuvu, unga uliosagwa karibuni na ulioongezwa virutubishi. Rwanda imekwisha kuanza kuwapikia wanafunzi wa baadhi ya shule unga wa mahindi wa nafaka nzima ulioongezwa virutubishi, kwa hiyo hatuzungumzi ndoto. Na unga huo uanzie kwenye meza za viongozi, katika vikao na semina. Dona ikionekana mahali pa heshima, haitakuwa tena chakula cha adhabu.

La tatu ni mashine za mitaani. Tusizifungie kwa faini; tuzipe vifaa vya kuchanganyia, tuondoe kodi kwenye mchanganyiko wa virutubishi, na maofisa lishe wa halmashauri wawe na bajeti ya kuzitembelea. Mashine iliyo karibu na mlaji ndiyo pekee inayoweza kumpa dona mbichi isiyochacha.

La nne ni ukaushaji na ghala, kuanzia kijijini. Tumekuwa na mradi wa kitaifa wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC. Kazi yake isiishie kwenye warsha na fulana. Afya ya nafaka nzima inaanza siku ya mavuno, juu ya turubai.

Na kliniki? Sina lawama kwa muuguzi mwenye foleni ya watu mia. Lakini ushauri wa rangi ya mkate ni ushauri wa mtu mwenye duka karibu na pochi nene. Mgonjwa angefaidika zaidi kuambiwa habari ya sahani nzima: ugali upungue, mchicha na maharage viongezeke, chai ipungue sukari, dawa zisiachwe. Maharage yana nyuzinyuzi nyingi, na hayahitaji karameli.

Mama mdogo hakununua mkate ule. Siku hizi huletewa mahindi na dada yake kutoka shambani, huyaanika tena juani, hukaa na wajukuu kuyachambua na kutupa kila punje yenye ukungu, kisha husagisha debe moja moja ili unga usikae. Ugali wake umekuwa mdogo na bakuli la mboga limekuwa kubwa. Jumapili wageni wakija hukata mkate mweupe, akala kipande kimoja pamoja nao bila kuomba radhi. Katika kliniki iliyofuata sukari yake ilikuwa imeshuka. Siwezi kusema ni dona, ni maharage, ni dawa au ni kutembea hadi mashineni na kurudi. Pengine ni vyote.

Ila ninajua kilichomwezesha. Ana pensheni, ana dada mwenye shamba, ana uwanja wa kuanikia, ana wajukuu wenye macho mazuri, na anasoma kila karatasi hadi mwisho. Mpangaji wa chumba kimoja anayenunua unga wa kupima kila jioni hana hata kimoja cha hivyo. Kwake swali la mama mdogo bado liko wazi dukani, na wenye wajibu wa kulijibu wana ofisi, mishahara na muhuri.